Mkwe Asiyekula

Watu wengi wa rika langu husema kwamba utotoni waliyaogopa mazimwi. Mimi sikuyaogopa, niliyaheshimu. Zimwi la bibi yangu lilikuwa na utaratibu wake. Lilipofika kwa mtu lilimmeza mwenye nyumba, likameza mke na watoto, likameza ng'ombe, likameza chungu kilichokuwa motoni pamoja na maharagwe yake, na kama palikuwa na mbwa aliyelala mlangoni, naye akaenda na wenzake. Lakini halikutafuna. Jambo hilo bibi alilikazia kila mara: "Inameza, haitafune." Maana mtu aliyetafunwa hawezi kutoka tena, na hadithi zote za bibi ziliisha kwa watu kutoka.

Namna ya kutoka ilikuwa moja tu. Kijana fulani aliyekuwa machungani siku ile ya balaa analivizia zimwi na kulichoma mkuki. Zimwi linaanguka, na kabla ya kukata roho linasema lenyewe, bila kulazimishwa na mtu, "Kata kidole changu kidogo." Kidole kinakatwa, na hapo wanaanza kutoka mmoja mmoja, watu na ng'ombe na mbuzi na kuku na chungu, maharagwe bado ya moto. Wa mwisho kabisa ni kizee mmoja wa kike asiye na jino hata moja. Anajipangusa uso, anawatazama waliotangulia, anasema: "Mule ndani mulikuwa joto, na hakuna mutu alinipisha njia." Hapo tulicheka, hata kama tulikuwa tumeisikia juzi.

Baadaye maishani nilisikia watu waliosoma wakieleza kwamba kila taifa duniani lina wala-watu wake wa zamani, na kwamba wengine walikula hata watoto wao wenyewe. Sishangai. Ila nasikia wengi wao walitafuna, na hilo naona ni ukosefu wa adabu.

Tulikaa Goma, katika mtaa ambao leo unaitwa Mapendo, na ilikuwa miaka ya hamsini, nami nina umri wa kuangusha meno ya mbele. Baba alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za wazungu kando ya ziwa kwa mawe meusi yaleyale ya volkano tuliyojikwaa nayo sisi uani bila kulipwa chochote. Mama alikuwa mtu wa mjini, mzaliwa wa palepale kando ya maji, mwenye sahani za bati zenye maua na maoni juu ya kila kitu. Bibi, mama yake baba, alikuwa ametoka Rutshuru akiwa mjane, akajengewa kibanda nyuma ya jiko. Sisi tulimwita tate, kama watoto wote wa kwetu wanavyomwita mzee aliyemzaa mzazi wao.

Halafu alikuwapo dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya. Alikuwa na miaka kumi na saba hivi, na alilala kwa bibi tangu alipoachishwa ziwa. Hawa wawili walikuwa kitu kimoja. Bibi hakuwa na meno, kama yule kizee wake wa mwisho, na kila alichokula kilipondwa kwanza na dada: maharagwe, ndizi, viazi vitamu, hata nyama siku ya sikukuu. Dada alikuwa na kinu kidogo cha kazi hiyo, na alijua kiasi cha maji ya moto, kiasi cha chumvi, na wakati wa kuacha. Mama alijaribu mara moja dada alipokuwa mgonjwa. Bibi alikula kijiko kimoja, akashukuru sana, akasema ameshiba.

Ilikuwapo sheria moja kwa bibi ambayo haikuvunjwa: hadithi hazisimuliwi mchana. Anayesimulia jua likiwa juu anageuka mjusi. Kwa hiyo tulingoja jioni, maharagwe yakiwa motoni, na kabla ya kuanza bibi alichungulia nje kuhakikisha kwamba jua limeshajificha nyuma ya vilima vya Sake. Nilikuwa nikiona mjusi ukutani najiuliza ni mzee wa familia gani.

Basi mwaka mmoja akaja mtu kumtaka dada.

Alikuwa kijana wa milima ya Masisi, wa ukoo wa wafugaji, na kazi yake ilikuwa kuteremsha ng'ombe wa kuchinjwa mpaka Goma. Alimwona dada akitoka misa. Alikuwa mrefu, mpole, na mwenye kofia ya kizungu ya manyoya yaliyobanwa, ambayo hakuivua popote isipokuwa kanisani. Mjomba wake alikuja kusema neno, baba akalipokea, na kijana akaanza kututembelea kila alipoleta ng'ombe.

Mara ya kwanza mama alijitoa mhanga. Alipika wali, akapika mbuzi na vitunguu, akapika mboga za lengalenga, akatoa sahani zote zenye maua. Kijana akakaa kwenye kiti, akatazama sahani kwa heshima, akaweka mikono magotini. Mama akamkaribisha. Akasema asante. Mama akamkaribisha tena. Akasema asante sana. Alichokubali ni kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na hiyo aliinywa kwa mrija, uso ameugeuzia ukutani. Wali ukapoa. Mimi nilikula sehemu yake nikaumwa tumbo.

Alipoondoka mama alikuwa amevimba.

"Anafikiri niko na sumu?" alimwuliza baba.

"Ile ni heshima," baba akasema. "Kule juu, mukwe hafungue kinywa mbele ya mama mukwe. Angekula, ningemufukuza."

"Basi kwetu tungemufukuza huyu."

Walibishana hivyo hadi baba akarudi kazini. Kwa mama, mgeni asiyekula amekutukana. Kwa baba, mkwe anayekula mbele ya wakwe zake ni mtu aliyelelewa na mbwa. Dada alikuwa anaosha sahani zile zenye maua na kuimba kwa pua.

Siku mbili tatu baadaye, saa sita kamili, jua limesimama juu ya vichwa vyetu, nilikuwa na bibi uani tukichambua maharagwe. Bibi akaanza kusimulia hadithi.

Niliinua macho kutazama jua. Lilikuwa palepale. Nilimwambia, "Tate, ni muchana." Aliendelea kuchambua na kusimulia, tena upesi.

Palikuwa na msichana, alisema, ambaye alikuwa anampondea nyanya yake chakula. Akaja kijana mzuri kutoka milimani, kichwani kofia. Wakampikia mtama, akasema asante. Wakampikia maharagwe, akasema asante. Hakula kitu. Na kwa nini hakula? Kwa sababu tumbo lake alikuwa analitunzia kitu kingine. Kinywa cha mbele kilikuwa cha kusema asante, na kinywa cha kulia kilikuwa nyuma ya kichwa, chini ya kofia. Akampeleka msichana njia ya machweo, mpaka kwenye yale maji ya kijani, ambayo ni ya kijani kwa sababu ndimo anamoosha vyungu vyake. Na hapo akammeza.

Bibi akachota maharagwe mengine. Nilingoja.

"Na kidole?"

"Huyu hakukuwa na kidole," bibi akasema, akatupa maharagwe mabovu.

Nilikaa pale nimeduwaa. Sikuwa nimewahi kusikia hadithi isiyo na kidole. Mchana kutwa nilimzunguka bibi kutazama kama ameota mkia, na nilipoona hana, nikaelewa kwa akili yangu ya mtoto kwamba basi ile haikuwa hadithi. Ilikuwa habari.

Ushahidi ulikuwepo wa kutosha. Njia ya kwenda Masisi inapita Sake, na njia ya Sake inapita Lac Vert, ambako maji ni ya kijani, hilo kila mtu Goma analijua. Kofia ilikuwepo. Njaa haikuwepo. Na mara iliyofuata alipokuja nilitazama viatu vyake, nikaona damu kwenye soli. Mtu mwingine angekumbuka kwamba anatoka machinjioni. Mimi sikuwa mtu mwingine.

Nilimweleza dada. Alicheka hadi akakaa chini.

"Akinikula, atashiba," alisema. "Niko mukubwa."

Nikaamua kumpima mwenyewe. Kwa bibi ilijulikana kwamba zimwi haliwezi viazi vitamu, vinalikwama kooni. Nilitoa kimoja majivuni, nikamngojea njiani, nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili kama kitu cha kanisani, akakipuliza, akakitia mfukoni.

"Asante, shemeji. Nitakula mu njia."

Mu njia, sawa. Nilirudi nyumbani mbio. Na ninapokumbuka leo ninacheka, lakini siku ile nilikuwa na huzuni ya kweli, kwa sababu nilimpenda dada yangu kuliko kitu chochote, na niliona kwamba watu wazima wote wanashughulika na hesabu ya ng'ombe wakati yeye anakwenda kumezwa.

Siku ya kufunga maneno ikafika. Wakaja wanaume sita kutoka Masisi, wakiongozwa na yule mjomba, mzee mwenye fimbo nyeusi na sauti ya kuitia ng'ombe. Waliketi uani upande mmoja, wa kwetu upande mwingine, katikati mtungi wa kasiksi wenye mirija. Mama alikuwa mlangoni pa jiko, nguo imefunika nusu ya uso wake kama desturi ya upande wa baba inavyotaka, nusu nyingine inapeleleza. Bibi alikaa mbele ya kibanda chake. Kijana alikaa nyuma ya mjomba wake kwenye kigoda, macho chini, kofia kichwani.

Mjomba akasimama akaanza kuwasifu ng'ombe wa kwao, mmoja mmoja, kwa ukoo na rangi ya pembe. Alifika kwa ng'ombe wa tatu. Mimi nilipita nyuma ya kibanda, nikapita nyuma ya wanaume, nikasimama nyuma ya kigoda, na nikaivua ile kofia.

Nyuma ya kichwa chake, palepale ambapo bibi alisema, palikuwa na kinywa. Kilikuwa kimelala upande, kirefu kama kidole changu, midomo imefumbwa.

"Iko kinywa," nikasema. "Tate, iko kinywa kabisa. Ni zimwi."

Nilisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Ng'ombe wa tatu hakumaliziwa sifa zake.

Mjomba aligeuka taratibu. Hakunitazama mimi, alimtazama baba. "Tulikuya hapa kuomba mutoto," alisema, "hatukukuya kuitwa mazimwi." Akaokota fimbo yake. Wale watano wakainuka. Baba alikuwa amenishika mkono na ninavyomjua alikuwa anatafuta la kusema na fimbo ya kunichapia kwa wakati mmoja. Dada alikuwa amechungulia dirishani. Nikaona uso wake. Hakuwa anacheka tena. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anamtaka kijana yule, anamtaka kwa moyo wote, na kwamba mimi nimemharibia.

"Muzee, unisamehe," kijana akasema kutoka kigodani. Hakuwa ameinuka wala hakuwa ameishika kofia. "Munipatie dakika moja na shemeji yangu. Tukirudi, kama atasema tena ni zimwi, tutaenda."

Alinipeleka nyuma ya jiko. Akachuchumaa, akainamisha kichwa mbele yangu, akaniambia niguse. Niligusa. Lilikuwa kovu. Alipokuwa na umri wangu ng'ombe alimrusha kwa pembe, akalala kwenye ngozi ya ng'ombe mwezi mzima bila kusema.

"Na zimwi, haikulaka viazi?" aliniuliza.

"Haikulake. Inamukwama."

Akageuka kuangalia. Upande wa pili wa ukuta wa jiko alikuwa mama. Hata hivyo, kinyume kabisa cha desturi zote za ukoo wake, kijana akachokora majivu ya moto pale nyuma kwa kijiti, akatoa kiazi, akakila mbele yangu chote, na maganda yake, na majivu yake, kinawaka moto. Machozi yalimtoka. Alipomeza cha mwisho alifungua kinywa nikatazama ndani mpaka kooni.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Sasa usiseme kama nimekula. Mama yako akijua nimekulia ku nyumba yake, Masisi yote itanicheka mpaka nizeeke."

Nilimwahidi. Kisha, kwa kuwa tulikuwa tumeshakuwa marafiki, akaniuliza hadithi yenyewe inakwendaje. Nikamsimulia yote, mchana, bila kuogopa mkia. Alisikiliza akijipangusa majivu mdomoni. Nilipofika mwisho alikunja uso.

"Hata kwetu iko ile hadithi. Lakini kwetu wanakataka kidole, batu wanatoka."

"Tate alisema huyu hana kidole."

Likanitoka hilo kabla sijalifikiria. Hakuniuliza tena nani alinisimulia. Alisogea mpaka pembeni mwa ukuta akachungulia uani, akamwona bibi amekaa mbele ya kibanda chake, mikono mapajani, anatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Na tate anakulaka nini?" aliniuliza.

"Yaya anamupondea."

Akamtazama bibi tena. "Basi," akasema, akanipa mkono turudi.

Mjomba alikuwa bado amesimama. Akaniuliza kama yule mtoto wake ni zimwi ao ni mutu. Nikasema ni mutu. Akataka kujua nimehakikishaje, nami kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, nikasema nimehesabu meno. Mmoja wa wale watano akacheka, akakohoa kuficha, halafu mwingine naye. Mjomba alijitahidi sana kubaki na hasira. Mwisho akatoza mtungi mwingine wa kasiksi kwa ajili ya tusi, baba akaulipa papo hapo, na wakarudi kwa ng'ombe wa tatu. Mama alinifinya mara mbili. Moja ilikuwa ya aibu, alisema, na nyingine ya kofia.

Jioni ile bibi aliniita kibandani.

"Uliwaambia ni nani alikuelezea?"

"Sikuwaambia."

Ulikuwa uongo nusu, na bibi alinilipa kwa maziwa yake yote. Niliyanywa bila kumtazama. Hakusimulia kitu jioni hiyo. Wala hakusimulia tena mpaka harusi.

Walioana kanisani, wakacheza ngoma siku mbili, na siku ya tatu dada alipandishwa kwenye kamio, lori la kubeba viazi, amefunikwa nguo usoni, akaondoka kwa njia ya Sake. Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe nje ya ua. Kamio lilipopotea alisema neno moja tu, "Amemezwa," na akaingia ndani.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa, ingawa kuelewa kwa mtoto kunakuja kidogokidogo. Bibi hakumwogopa yule kijana. Alikuwa anajua vizuri kuliko sisi sote kwa nini mkwe hali, maana naye alilelewa hivyohivyo. Alikuwa anajua pia kwamba msichana wa Goma akipanda Masisi, kuna mtoto, kuna kulima, kuna matope ya njia, na kizee hana miaka mingi ya kungojea. Ng'ombe wa mahari hawakuwa wake kuwakataa, wala hakuwa na sauti katika kikao. Alikuwa na hadithi, basi akatumia hadithi. Akaitumia mchana, na hilo mpaka leo linaniuma.

Kazi ya kuponda niliachiwa mimi. Bibi alisema changu kina mawe. Nilirudia, nikachuja, nikatia maji ya moto, nikatia chumvi, nikapunguza chumvi. Alikula vijiko viwili, akashukuru sana, akasema ameshiba. Misimu miwili ya mvua ikapita. Waliokuwa wanaleta ng'ombe sasa walikuwa vijana wengine, kwa sababu shemeji alikuwa amepewa malisho yake, na kila nilipowauliza walisema dada ni mzima, amejifungua, anasalimia. Salamu hazipondi chakula. Bibi alikonda mpaka pete yake ikawa inafungwa na uzi. Mama, ambaye hakuwa rafiki yake sana, alipika kila alichojua. Baba alikaa naye kila jioni. Na mimi nilirudi kwenye wazo langu la zamani, kwamba pengine kile kiazi kilikuwa hila, na kwamba nilimwuza dada yangu kwa kiazi kimoja.

Siku moja nilimshika mkono mchungaji mmoja pale njiani, mbele ya ng'ombe wake wote, nikamwambia: "Umwambie shemeji wangu hivi. Tate hakule tena. Useme vile nimesema." Akarudia mara mbili ili nimwachilie.

Shemeji alikuja kabla ya mwezi kuisha. Ilikuwa saa sita, jua juu ya vichwa, bibi amelala kwenye mkeka mbele ya kibanda, nami nimekaa karibu na bakuli ambalo hajaligusa. Kamio la viazi lilisimama nje. Akashuka yeye peke yake, akaingia uani, akampita baba, akampita mama aliyekuwa anatafuta kitu cha kujifunikia, akapiga magoti mbele ya mkeka. Akaivua kofia yake mwenyewe, akaiweka chini. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, vidole vyote vimekunjwa isipokuwa kile kidogo.

"Tate," alisema, "nimeleta kidole."

Bibi alimtazama muda mrefu. Alikitazama kidole, akanitazama mimi, na mimi nikatazama miguu yangu.

"Ni muchana," bibi akasema.

"Najua."

"Tutageuka mijusi."

"Tugeuke, tate. Kata."

Bibi hakuwa na kisu. Aliuvuta ule mkono kwa mikono yake miwili, akakitia kidole kinywani, akakiuma kwa fizi zake tupu, kwa nguvu zote alizobaki nazo, mpaka shemeji akatoa sauti. Na hapo turubai la kamio likafunguliwa. Akashuka dada yangu, amenenepa, mtoto mgongoni. Akashushwa mbuzi. Wakashushwa kuku wawili wamefungwa miguu, na kikapu, na kikapu kingine, na chungu, na cha mwisho kile kinu kidogo ambacho nilikuwa nimekitafuta misimu miwili. Dada alitembea kutoka kwenye kamio mpaka kwenye mkeka, na bibi alikuwa bado hajakiachia kidole. Alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumwona bibi akilia, na mimi nililia kwa sauti kuliko yeye, kwa furaha na kwa aibu, vyote viwili.

Dada alimfungua mtoto akampa mama, akatazama bakuli langu, akatabasamu kidogo, akaomba maji ya moto. Akaponda palepale chini. Shemeji akachokora majivu akatoa kiazi chake, akakaa karibu na bibi, wakala wote wawili, mbele yetu, mchana. Mama alisahau kujifunika. Baba aligeukia ukutani, kwa sababu kuna mambo mtu hawezi kuyaangalia, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Bibi alikula bakuli zima. Alipomaliza alijipangusa uso kwa ncha ya nguo, akatutazama mmoja mmoja, watu na mbuzi na kuku na chungu, kama anayehesabu.

"Mule ndani mulikuwa joto," alisema, "na hakuna mutu alinipisha njia."